Somo la Historia: Kusoma Sarafu Herufi kwa Herufi

Umekaa darasani pako Mwanjelwa, kazi za soko zimekwisha, daftari liko mbele yako. Leo sitakuomba ufungue kitabu. Nitakuomba usome kitu kidogo kuliko kitabu chochote ulichopata kukishika. Kitu hicho ni sarafu.

Tuseme nyumbani kwenu kuna kopo la zamani. Liliachwa na babu. Ndani yake mna sarafu ishirini hivi, zimekuwa nyeusi kwa kukaa. Siku moja anapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Anakuambia, "Hii ni shaba tu. Nitaipima kwa kilo." Siku nyingine anakuja mtu aliyevaa vizuri. Anasema kwa sauti ya chini, "Kama unayo rupia ya Mjerumani inayovuta punje za mchele, yuko tajiri anayetoa mamilioni. Lakini kwanza toa fedha kidogo ya kuipima."

Wa kwanza atachukua mali yako kwa bei ya shaba. Wa pili atachukua fedha yako, na huyo tajiri hutamwona. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Watu hawa wawili hawafanani, lakini wanategemea jambo moja: kwamba wewe hujasoma kilichoandikwa juu ya sarafu yako. Basi tujifunze kukisoma.

SARAFU HUPIGWA NAMNA GANI

Umewahi kuona muhuri wa ofisi. Maneno yake yamechongwa kinyumenyume, na ukiugonga juu ya karatasi yanasomeka sawasawa. Sarafu nayo hupigwa kwa mihuri, ila mihuri yake ni ya chuma kigumu. Mmoja hukaa chini, mwingine juu. Katikati huwekwa kipande cha madini cha mviringo. Mashine hugandamiza kwa nguvu, na kipande kile hutoka na picha pande zote mbili.

Muhuri mmoja hupiga maelfu ya sarafu. Mwishowe huchakaa au hupasuka, na fundi hutengeneza mwingine. Hapo ndipo tofauti ndogo huanza. Fungua daftari lako, utazame ukurasa ulioandika herufi A mstari mzima. Je, zote zinalingana? Moja ina mguu mrefu, nyingine imeinama. Mkono wa mtu haurudii kazi ileile mara mbili bila tofauti. Mkono wa fundi wa mihuri ni hivyo hivyo. Kwa hiyo sarafu mbili za mwaka mmoja na thamani moja zaweza kuwa zimetoka kwenye mihuri miwili, na mtu mwenye macho ya subira ataijua kila moja.

Watu wanaokusanya sarafu za zamani, huko Uingereza na kwingineko, hutumia saa nyingi na kioo cha kukuza wakitafuta tofauti kama hizo. Usiwacheke. Sisi tunazo sarafu za namna hiyo zilizopigwa katika nchi hii hii.

PESA, RUPIA NA HELA

Kabla ya kufika huko, sikiliza maneno yaliyomo kinywani mwako. Unasema "pesa". Neno hilo lilikuja pwani na biashara ya Bahari ya Hindi, kutoka paisa ya Wahindi. Kuanzia mwaka 1890, Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilitoa sarafu ya shaba iliyoitwa pesa, na upande wake mmoja uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, maana hizo ndizo zilizosomwa na watu wengi wa pwani wakati huo. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Rupia ilikuwa ya fedha.

Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani iliichukua kazi hiyo mikononi mwake na kubadili hesabu. Rupia moja ikawa heller 100. Mwafrika alilisikia neno heller, akalitamka kwa ulimi wake, likawa "hela". Wajerumani wameondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini sokoni Mwanjelwa mama muuza ndizi bado anauliza, "Hela iko wapi?"

Hata hivyo tusisahau kwa nini watu wa bara walianza kuitafuta rupia. Serikali ilitoza kodi ya kibanda. Mtu alikuwa na ng'ombe, alikuwa na mahindi, lakini kodi ilidai sarafu. Ili aipate ilimbidi auze mazao yake au nguvu zake. Kwa hiyo ukishika rupia ya babu, huenda umeshika jasho la miezi.

SARAFU ZA TABORA

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Mwaka 1914 vita kuu ilianza. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Lakini askari walihitaji mshahara, na wapagazi walihitaji ujira. Serikali ikachapa fedha za karatasi hapa nchini. Thamani ya karatasi hutegemea serikali iliyoitoa, na serikali hiyo ilikuwa vitani. Watu walipenda madini wanayoweza kuyagonga na kuyasikia mlio wake.

Basi mwaka 1916, huko Tabora, karakana ya reli iligeuzwa kuwa mahali pa kupigia sarafu. Maganda ya risasi na ya mizinga yaliyeyushwa ili kupata shaba ya manjano, na shaba nyekundu nayo ilitumika. Kwa madini hayo zilipigwa sarafu za heller 20. Za heller 5 zilipigwa kwa shaba ya manjano. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ilipigwa sarafu za rupia 15. Zote zina herufi T, yaani Tabora. Sarafu za heller zilizotoka Berlin zina herufi A, na za Hamburg zina J. Ukiona T, jua kwamba imezaliwa hapa.

Tuchukue sarafu ya heller 20. Upande mmoja utaona taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Upande wa pili utaona namba 20 na neno HELLER. Sasa shika penseli yako, andika neno hilo kwa herufi kubwa: H-E-L-L-E-R. Zitazame herufi L mbili za katikati. Katika sarafu nyingine, ncha za L zote mbili ni kali. Katika nyingine, ncha zote mbili zimejikunja. Na katika nyingine, L ya pili tu ndiyo iliyojikunja. Geuza upande wa taji. Katika sarafu nyingine taji ni kubwa, katika nyingine ni dogo. Kisha kuna za shaba nyekundu na za shaba ya manjano. Ukiunganisha taji, ncha za L na rangi ya madini, unapata aina kadhaa za sarafu moja. Baadhi ya aina hizo ni adimu kuliko nyingine, na wanunuzi wa sarafu hulipa kwa tofauti hiyo.

Ile ya dhahabu ina picha ya tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima. Zilipigwa 16,000 na kidogo tu. Upande wa tai kuna neno OSTAFRIKA, na chini yake pana mapambo ya mizunguko. Katika muhuri mmoja, pambo la kulia linaishia chini ya T ya neno hilo. Katika muhuri wa pili linaishia chini ya A inayofuata. Umbali wake hauzidi upana wa punje ya ulezi. Lakini punje hiyo ya ulezi yatuambia kwamba mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja.

Kazi hiyo haikudumu. Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Huku kwetu Nyanda za Juu, majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yalikuwa yamekwisha kuingia Tukuyu mwezi Mei, na Iringa mwezi Agosti. Sarafu iliyoanza mwaka pamoja na serikali yake ilimaliza mwaka ikiwa haina serikali mjini pake.

SHILINGI YA MWINGEREZA

Mwaka 1919 iliundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 ilitolewa florini, na mwaka 1921 shilingi yenye picha ya simba na milima. Shilingi moja ilikuwa senti 100. Vijana wa Nyanda za Juu waliokwenda kuchimba dhahabu Lupa, wilaya ya Chunya, katika miaka ya 1930, walirudi na shilingi hizo. Wazee walizipa sarafu majina: ndururu ni senti tano, peni ni senti kumi, sumuni ni senti hamsini. Ndururu na peni zilikuwa na tundu katikati, na mtu aliweza kuzitunga katika uzi.

Tafuta herufi ndogo juu ya sarafu hizo. H na KN ni alama za viwanda viwili vya Birmingham, Uingereza. SA ni Pretoria, Afrika Kusini. I ni Bombay, India. Nyingi za SA na I ni za miaka ya vita ya 1939 hadi 1945, wakati kuleta sarafu kutoka Uingereza kulikuwa kwa hatari.

Sasa tafuta peni au ndururu ya mwaka 1936. Huenda ukasoma jina EDWARDVS VIII. Usishangae kuona V mahali pa U. Hayo ni maandishi ya Kilatini. Mfalme Edward wa Nane alianza kutawala Januari 1936, akajiuzulu Desemba mwaka huohuo, kabla hajavikwa taji. Huko kwao Uingereza sarafu zake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya watu. Huku kwetu jina lake lilinunua chumvi na kiberiti. Je, sarafu hiyo ni ya mamilioni ya fedha? Hapana. Zilipigwa nyingi sana. Habari yake ni kubwa, bei yake ni ndogo. Mtu akikudanganya juu yake, mjibu hivyo.

Linganisha tena peni mbili, moja ya kabla ya mwaka 1947 na nyingine ya mwaka 1949. Ya kwanza ina herufi IND na IMP, maana yake ni kwamba mfalme huyo ni Mfalme Mkuu wa India. Ya pili haina. India ilipata uhuru Agosti 1947, na neno likafutwa katika muhuri. Mnyonge aliyeshika peni hiyo Mbeya, kama angaliweza kusoma, angalijua kwamba neno la mtawala hufutika. Na kweli, baada ya nchi zetu kupata uhuru, ndururu na peni za mwaka 1964 zilitoka bila jina la Malkia. Mwaka 1966 Benki ya Tanzania ilifunguliwa, na sarafu zake zikaandikwa kwa Kiswahili.

FANYA HIVI NA KOPO LAKO

Kwanza, usisugue sarafu kwa mchanga, jivu wala ndimu. Ukiing'arisha unafuta tofauti zile ndogo, na thamani yake inashuka. Pili, ishike kwenye ukingo, isogeze penye mwanga, isome polepole. Andika daftarini: mwaka, maneno, herufi ndogo, picha, rangi ya madini. Tatu, ijaribu kwa sumaku. Rupia ya fedha haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ni bandia. Nne, usimpe mtu fedha ili akununulie sarafu. Mnunuzi hutoa, hadai. Tano, usiuze siku ya kwanza. Uliza watu wawili au watatu, na kama waweza, linganisha na zilizoko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Na kama hutaki kuuza, usiuze. Waite watoto, wasomee kopo zima, kutoka pesa hadi shilingi. Wataona serikali tatu zikipita mkononi mwa babu yao mmoja, wala yeye hakusomewa hata moja. Wewe umeweza kusoma. Haya, fungua kopo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mu-hu-ri. Ta-ji. Ru-pi-a. He-la. Ka-ra-ka-na. A-di-mu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini sarafu za Tabora zilipigwa hapa nchini?
2. Taja tofauti mbili unazoweza kuziona katika sarafu za heller 20.
3. Kwa nini herufi IND na IMP ziliondolewa?
4. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: walinunua nini kwa ndururu? Andika jibu lao, ulilete darasani.