Lavenda: Kichaka cha Mlimani na Safari Yake hadi Bustanini

Lavenda ni kichaka kifupi kisichopukutisha majani, chenye mashina magumu, majani membamba ya kijivu na mashuke ya maua ya zambarau, na asili yake ni miteremko mikavu ya nchi zinazopakana na Bahari ya Mediterania. Historia ya kilimo chake inaonyesha kwamba jitihada za kuuongezea mmea huu mavuno zimeupunguzia ule ustahimilivu uliouwezesha kuishi kwenye mawe.

Katika karne ya 1, tabibu Mgiriki Dioscorides alieleza aina mojawapo ya lavenda iliyoota katika visiwa vilivyo karibu na pwani ya kusini ya Ufaransa ya leo, na katika karne ya 12 mtawa Mjerumani Hildegard wa Bingen aliitaja miongoni mwa mimea ya tiba. Jina la kisayansi linalotumika hadi sasa, Lavandula angustifolia, lilichapishwa mwaka 1768 na Philip Miller, msimamizi wa bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea jijini London. Kusini mwa jiji hilo, Mitcham ilisifika kwa mashamba ya lavenda katika karne za 18 na 19, kabla ardhi hiyo haijamezwa na nyumba na mimea kushambuliwa na maradhi ya ukuvu.

Huko Provence, kusini mwa Ufaransa, watengeneza manukato wa mji wa Grasse walitegemea kwa muda mrefu maua yaliyokatwa kwa mundu katika milima ambako lavenda ilijiotea yenyewe. Maua hayo yalikenekwa, yaani yalipitishiwa mvuke ambao, ukisha kupozwa, hutoa maji na mafuta ya kunukia yanayoelea juu yake. Kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya lavenda halisi huhitaji zaidi ya kilo 100 za maua, wakulima walivutiwa na lavandini, chotara wa lavenda ya milimani na ile ya majani mapana iotayo chini zaidi, ambaye hutoa mafuta mengi zaidi ingawa yana harufu kali ya kafuri.

Lavandini haitoi mbegu zinazoota, hivyo hupandwa kwa vipandikizi, na shamba zima huweza kuwa na mimea isiyotofautiana hata kidogo kwa nasaba. Ulinganifu huo, uliorahisisha uvunaji wa mashine, ulirahisisha pia kuenea kwa ugonjwa wa kunyauka unaosababishwa na fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria kinachosambazwa na mdudu afyonzaye utomvu. Kinyume chake, mafuta ya lavenda ya Haute-Provence, yaliyopewa hadhi ya kulindwa kisheria mwaka 1981, hutoka katika mimea iliyooteshwa kwa mbegu kwenye nyanda za juu, ambamo kila mche hutofautiana na jirani yake.

Kanuni za mtunza bustani zinatokana na asili hiyohiyo: udongo usiotuamisha maji na wenye chokaa, jua la kutosha, na mbolea kidogo au kutotiwa kabisa, kwani rutuba nyingi huzaa matawi mengi malegevu na maua machache. Kichaka hupogolewa baada ya kuchanua, lakini mkasi haufiki kwenye sehemu ya shina iliyokwisha kukomaa na kukosa majani, kwa sababu mara nyingi hapo hapachipui tena.