Theluji ya Mashine na Ufunguzi wa Msimu wa Skii

Hadi katikati ya karne ya 20, siku ya kwanza ya msimu wa skii, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, ilitegemea mawingu kuliko kalenda. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 1950 katika jimbo la Connecticut, Marekani, ambako Wayne Pierce na wenzake walitengeneza mashine iliyorusha maji kwa hewa iliyoshindiliwa, ili matone yagande kabla ya kufika ardhini. Ingawa mbinu hiyo bado ilihitaji baridi kali, iliwawezesha wenye vituo vya skii kufungua miteremko yao hata pale ambapo theluji ya asili ilichelewa kuanguka.