Kila brauza na Ugogo wake

Wadau wa historia mtanielewa haraka. Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871, aliandika kwamba shanga zilikuwa pesa yenye masharti: Unyamwezi walitaka nyekundu, nyeusi zilipita Ugogo, kwingine takataka. Msafara ulibeba aina zote, la sivyo njaa.

Sasa nimetengeneza ramani ya kufundishia: mwanafunzi anaburuta pembe za ndovu toka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na merikani kurudi bara. Brauza nazo kumbe zina masharti! Kuburuta na kudondosha kulianza na Internet Explorer 5 mwaka 1999, HTML5 ikarithi pamoja na vituko vyake. Usipozuia dragover, mzigo haushuki. Firefox kwa miaka ilidai setData kwanza, bila hiyo haubebeki. iPhone ndo balaa, ilisubiri hadi iOS 15, mwaka 2021.

Nikaachana nayo, natumia matukio ya pointa, yanayopokea kipanya na kidole sawasawa (Safari ilijiunga 2019). Msisahau touch-action: none, maana bila hiyo unateleza ukurasa, pembe imekaa palepale Tabora. Kwa simu za zamani zaidi nimeweka vitufe viwili tu: pakia, shusha.