Mtoto Ashuke Mgongoni Lini? Historia ya Kubeba na Kutembeza Watoto Kwetu Kibati

Ukisimama asubuhi kandokando ya barabara ya Goma–Rutshuru, hapa Kibati, utaona kila aina ya mzigo ikipita. Utaona chukudu zimejaa makala na viazi, utaona wamama na bidoni za maji, na juu ya migongo mingi utaona kichwa kidogo kimetokea ndani ya kitenge. Mara moja moja, hasa siku ya ndoa au ya ibada, utaona pia pusete, kile kigari cha kusukuma mtoto, kimenunuliwa sokoni Birere kati ya vitu vya Ulaya vilivyotumika. Magurudumu yake hayafiki mbali. Mawe ya volkano yanayakamata, na mwisho wake baba anabeba kigari, mama anabeba mtoto.

Vijana wenye nyumba mpya wanauliza siku hizi: mtoto abebwe mpaka miaka ngapi? Wengine wanasema mgongo ni mambo ya kijijini. Wengine wanasema mtoto akibebwa sana anakuwa mvivu. Kabla ya kujibu, inafaa tuangalie historia, maana umri wa kushuka mgongoni haukupangwa na mtu mmoja. Ulipangwa na maziwa, na kazi, na serikali, na zaidi kwetu sisi ulipangwa na vita na moto wa mlima.

Kigari na ngozi

Kigari cha mtoto ni kitu cha juzi. Inaandikwa kama mwaka 1733, huko Uingereza, fundi William Kent alitengenezea watoto wa tajiri mmoja, Duke wa Devonshire, kigari kidogo cha kuvutwa na mnyama. Kilikuwa mchezo wa wakubwa. Kile kigari chepesi cha kukunja, ambacho watu wengi wanakijua leo, kilitoka mwaka 1965. Aliyekivumbua ni Owen Maclaren, injinia aliyekuwa amefanya kazi ya kuchora magurudumu ya ndege za vita. Basi kigari kinahitaji vitu viwili: feza, na njia iliyonyooka. Huko kwenye njia za simiti wazazi wanabishana kama mtoto wa miaka mitatu au minne bado anafaa kukaa ndani yake.

Kwetu chombo cha kwanza kilikuwa ngozi. Katika nchi hizi za milima ya Virunga, mtoto alifungwa mgongoni kwa ngozi ya kondoo au ya mbuzi iliyolainishwa. Kwa Kinyarwanda ngozi hiyo inaitwa ingobyi, na jina hilohilo ndilo la machela ya kubebea mgonjwa. Tuangalie vizuri akili ya lugha hapo: mtoto na mgonjwa wana chombo kimoja, sababu wote wawili ni watu ambao jamii haiwezi kuwaacha njiani. Baadaye vitambaa vya maduka vilifika, vikiwemo vile vya kiwanda cha Utexléo cha Léopoldville, ambacho kilikuja kuitwa Utexafrica. Kitenge kikachukua nafasi ya ngozi. Chombo kilibadilika lakini mgongo ulibaki uleule.

Maziwa ndiyo yaliyokuwa kalenda

Wazee wetu hawakuhesabu miezi. Mtoto alishuka mgongoni kabisa pale mdogo wake alipokaribia kuzaliwa, na mara nyingi hiyo ilikuwa baada ya miaka miwili au mitatu. Wengi wanafikiri ilikuwa bahati tu. Hapana. Miaka ya 1970 wachunguzi walipima damu ya wamama wanaonyonyesha hapa Kivu. Walikuta kama mama anayenyonyesha mara nyingi kwa siku anabaki na homoni nyingi ya prolaktini, na mimba nyingine inachelewa. Sasa mtoto gani ananyonya mara nyingi? Ni yule aliye karibu na ziwa siku nzima, yaani yule wa mgongoni. Mgongo ulikuwa unapanga uzazi hata kabla ya kuwa na neno la kupanga uzazi.

Wakoloni waliona desturi hiyo na haikuwafurahisha. Mwaka 1912 Wabelgiji walianzisha shirika la kulinda mtoto mweusi, na miaka iliyofuata zikaja mizani za kupima watoto, mashauri ya wanyonyeshao na maziwa ya unga. Mambo hayo yaliokoa watoto, hatukatai. Lakini nyuma yake kulikuwa pia hesabu: migodi na mashamba makubwa yalitaka watu wa kazi, na mama anayenyonyesha miaka mitatu anazaa watoto wachache. Kwa hiyo alishauriwa aachishe mapema. Mtoto akashushwa upesi, mwingine akapanda.

Tunajua matokeo ya kushusha mtoto upesi bila chakula cha kutosha. Kivu yote inajua neno bwaki, ugonjwa wa mtoto aliyevimba miguu na nywele zikageuka rangi. Daktari Cicely Williams, aliyeueleza kwa ulimwengu miaka ya 1930 akiwa Ghana, alichukua jina kwashiorkor katika lugha ya Waga wa kule, maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Mbali na sisi, lakini ni wazo lilelile: mtoto aliyetolewa mgongoni kabla ya saa yake.

Je, kubebwa kunamchelewesha kutembea?

Hapa wenye kudharau mgongo wanajidanganya. Miaka ya 1950 Mfaransa Marcelle Geber alichunguza watoto wachanga wa Kampala, ambao walibebwa na kushikwashikwa siku nzima. Aliwakuta wako mbele katika kukaa na kusimama kuliko vipimo vya watoto wa Ulaya. Na mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa matokeo ya watoto wa nchi tano, kati yao Ghana na Oman: karibu watoto wote wenye afya walianza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na miezi 18, na wastani ni miezi 12. Kwa hiyo jirani asikutie woga ikiwa wako wa miezi 14 bado anashikilia kiti. Akipita miezi 18 bila hatua hata moja, hapo umpeleke kwa muganga amwangalie.

Lakini OMS hiyohiyo, mwaka 2019, ilituambia jambo jingine. Mtoto wa chini ya miaka 5 asifungwe zaidi ya saa moja mfululizo, awe ndani ya kigari, kwenye kiti, au mgongoni. Mgongo nao umetajwa. Na mtoto aliyepita mwaka mmoja anapaswa kuchezacheza na kutembea walau saa 3 kila siku. Wamama wa shamba walijua hilo bila kusoma: mtoto anabebwa njiani, lakini wakifika shamba anashushwa, anatambaa kandokando ya maharagi, anasimama, anaanguka, anasimama tena. Ndiyo maana wanasema: « Mutoto akianza kutembea, umutoshe ku mugongo kidogo kidogo. » Neno kubwa hapo ni kidogo kidogo.

Mgongo wa yaya

Kuna jambo ambalo sifa za desturi zinalificha. Ardhi ya Kibati ni ya mawe ya volkano. Mvua inaingia chini na haikai. Maji yanatafutwa mbali, na mama anabeba bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Mgongo ni mmoja, bidoni na mtoto wanaugombania. Nani anashinda? Bidoni. Basi mtoto anahamia mgongoni mwa yaya, dada yake wa miaka 7 au 8.

Sisi walimu tunamwona yaya huyo. Tunamwona zaidi kwa jina lake kwenye daftari la majina, likiwa na alama nyingi za kukosa. Mdogo wake amekwisha kujua kukimbia, lakini bado anabebwa, maana yaya akimwacha atembee atachelewa kurudi na kufokewa. Hapo ndipo swali la umri wa kushuka mgongoni linakuwa swali la masomo ya msichana. Mtoto wa miaka mitatu anayeweza kutembea na anabebwa bure, kuna mwingine anayelipa, na mara nyingi ni dada yake.

Barabara ya kukimbia

Nimesema vita na moto vilipanga umri huu pia. Tuhesabu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na likashuka kwa mbio ambayo mtu mzima hawezi kushindana nayo. Mwaka 1994, mwezi wa saba, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na wengi walipita hapa kwa miguu kwenda Kibumba. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 katika mwezi wa kwanza, na watoto kwa maelfu walibaki bila mzazi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena mpaka Munigi, na moto ukaingia mjini. Mwaka 2008 makambi mawili ya Kibati yalikuwa na watu karibu 65,000, na walikimbia tena risasi zilipokaribia. Novemba 2012 kambi ya Kanyaruchinya iliondoka yote. Agosti 2013 mapigano yalikuwa hapa kwenye vilima vyetu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima. Mwaka 2022 vita na Kanyaruchinya kujaa upya. Mwezi wa kwanza 2025 Goma ikaanguka, na mwezi uliofuata makambi yakavunjwa, watu wakarudi njia ileile.

Kila safari hizo sheria ilikuwa moja: mdogo kabisa mgongoni, godoro kichwani, mwingine mkononi, na wa nne ashike nguo ya mama. Yule wa miaka mitatu ambaye jana alibebwa, usiku huo anaambiwa atembee mpaka Goma, zaidi ya kilometa kumi. Wazee wanasema mtoto wa mgongoni hajui kama njia ni ndefu. Wetu wengi walijua mapema sana. Na ndio hao, wenye kutembea bila kuweza kujieleza, waliopotea. Katika usiku wa mwaka 2021 peke yake, UNICEF ilitangaza kama watoto zaidi ya 150 walitengana na familia zao.

Tufanye nini basi?

Historia hii haitupi mwezi mmoja wa kuandika ukutani. Inatupa mambo matatu. La kwanza, mtoto abaki karibu na maziwa mpaka miaka miwili, kama desturi ilivyotaka na kama waganga wanavyoshauri. Kutembea hakumaanishi kuachishwa. La pili, akianza kutembea, kila siku ashushwe atembee sehemu ya njia, kwanza mpaka kwa jirani, halafu mpaka kanisani, na kufikia miaka mitatu njia fupi aziende mwenyewe, tena yaya aende masomo. Mgongo ubaki kwa uchovu, ugonjwa na safari ndefu. Kigari, mwenye nacho na mwenye njia nzuri akitumie bila kujisifu.

La tatu ni la Kibati. Siku anaposhuka mgongoni, afundishwe kusema jina lake, jina la baba na mama, na jina la kijiji. Zamani mtoto alishuka akijua mgongo wa mama uko hatua mbili mbele. Sisi tunaishi chini ya mlima huu na kando ya barabara hii. Miguu tunamfundisha, na ulimi nao tuufundishe siku hiyohiyo, ili popote miguu itakapomfikisha, mtu aweze kumrudisha kwao.