Tiba jumuishi ya maumivu sugu

Tiba jumuishi ya maumivu sugu ni utaratibu wa kumhudumia mtu mwenye maumivu ya muda mrefu kwa kuunganisha matibabu ya hospitali na njia nyingine, kama vile mazoezi, kukanda mwili, akupancha, yoga na tafakuri. Maumivu huitwa sugu yakidumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Mifano ni maumivu ya kiuno, ya viungo, kipandauso, na ganzi yenye kuchoma miguuni inayowapata baadhi ya wagonjwa wa kisukari.

Njia inayotumika pamoja na matibabu ya hospitali huitwa tiba saidizi. Ikichukua nafasi yake huitwa tiba mbadala. Kitendo kinaweza kuwa kilekile, lakini hatari kwa mgonjwa si ileile.

Historia

John Bonica, daktari wa nusukaputi mzaliwa wa Italia aliyefanya kazi Marekani, aliwahudumia askari majeruhi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia akaona kwamba maumivu magumu yanahitaji wataalamu wa fani mbalimbali. Mwaka 1953 alitoa kitabu kikubwa juu ya suala hilo.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia ya lango. Walieleza kwamba ishara za maumivu zikifika kwenye uti wa mgongo zinaweza kuzuiwa au kupitishwa, kutegemea ishara nyingine zinazotoka mwilini na kwenye ubongo. Nadharia hiyo imerekebishwa tangu hapo, lakini inasaidia kueleza kwa nini mtu aliyejigonga goti hulisugua akapata nafuu. Inaonyesha pia kwamba hofu na msongo vinaweza kuongeza maumivu, na hiyo haina maana kwamba mgonjwa anajisingizia.

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mafunzo ya tafakuri ya wiki 8, ambayo sasa yanatumika katika nchi nyingi.

Njia na ushahidi

Mazoezi ya kawaida, hata kutembea, yana ushahidi mzuri kuliko njia nyingi za gharama. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa Marekani (ACP) kilishauri kwamba maumivu sugu ya kiuno yaanze kutibiwa bila dawa, kwa mazoezi, yoga, tai chi, akupancha au tafakuri.

Akupancha, yenye asili ya China, bado inabishaniwa, kwa kuwa tofauti kati ya sindano halisi na za kuigiza huwa ndogo. Taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri mwaka 2016 isitolewe kwa maumivu ya kiuno, kisha mwaka 2021 ikairuhusu kwa maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kuumika kwa chuku (hijama) na kukanda ni desturi za zamani. Ushahidi wa kuumika ni hafifu, na wembe usio safi unaweza kueneza homa ya ini na VVU. Kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwashe, hutengenezewa krimu ya kupaka.

Tahadhari

Neno "asili" si uthibitisho wa usalama. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba ya viungo zimekutwa na steroidi zisizotajwa kwenye kifurushi; nafuu yake huja haraka, lakini steroidi zikitumika muda mrefu huongeza sukari na kudhoofisha mifupa. Ginko na vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia warfarini. Kwa hiyo daktari anapaswa kuambiwa kila kinachotumika, na mgonjwa asiogope kukaripiwa.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huanza kama maumivu ya kawaida ya mgongo. Mgonjwa anayekandwa kwa miezi bila kupimwa anaweza kupooza, ilhali ugonjwa huo unatibika kwa dawa. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kukonda, miguu kulegea, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo yanahitaji hospitali mara moja.