TL-29: Kisu cha Fundi Simu wa Jeshi na Loki Yake ya Bamba

Mkusanyaji wa visu vya kale akishika TL-29, jicho lake hukimbilia jina lililogongwa kwenye shina la ubapa: Camillus, Ulster, Pal au Schrade. Kwa wauzaji, jina hilo lina uzito. Mimi nasema kisu hiki kipimwe kwanza pale ambapo wengi hawatazami, kwenye bamba jembamba la shaba ya manjano lililojificha ubavuni mwa bisibisi yake.

TL-29 kilikuwa kisu cha Kikosi cha Mawasiliano cha Jeshi la Marekani, na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilisambaa kila mahali askari walikopitisha nyaya za simu. Kilikaa kwenye mfuko wa ngozi wa CS-34 pamoja na plaizi ya TL-13-A, na seti nzima ikaitwa TE-33. Kikiwa kimekunjwa kina urefu wa sentimita 9.5 hivi. Ndani yake mna vitu viwili tu: ubapa wa kukatia, na bisibisi yenye ukingo wa kukwangulia waya. Kwa vitu hivyo viwili askari alivua ganda la mpira na kitambaa la waya wa W-110, akakwangua nyuzi zake mpaka zing'ae, kisha akaufunga kwenye simu ya vitani ya EE-8.

Loki iko kwenye bisibisi peke yake. Ubapa wa kukatia unashikwa na springi ya mgongoni tu. Wapo wanaodhani waliotengeneza walibana matumizi. Sikubaliani nao. Unapokata kitu, mkandamizo wa makali unazidi kuusukuma ubapa ubaki wazi. Bisibisi haiko hivyo: unaikandamiza kwa ncha huku unaizungusha, na ikiteleza kwenye skrubu inaweza kujikunja ghafla juu ya vidole. Basi bamba la ndani ya mpini limepasuliwa kwa urefu na kupindwa kidogo kuelekea katikati. Bisibisi inapofunguka hadi mwisho, sehemu iliyopasuliwa inaruka na kukaa nyuma ya shina, na hapo haikunjiki tena. Ukitaka kuifunga, unalisukuma bamba kando kwa kidole gumba.

Mbinu yenyewe ilitangulia Vita Kuu ya Pili kwa miongo kadhaa. Mwaka 1906 Watson na Chadwick walipata hataza ya loki ya namna hii kwa visu vya kampuni ya Cattaraugus, iliyokuwa Little Valley, jimbo la New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mfua visu Michael Walker aliiboresha kwa kiasi kikubwa. Aliiondoa springi ya mgongoni na kulifanya bamba lifanye kazi zote mbili, akaweka kigololi kidogo cha kuuzuia ubapa usifunguke mfukoni. Visu vingi vya kukunja vya leo vinafuata mpango wake, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini historia ya loki hii ikianzia kwake, inawaruka mafundi umeme na mafundi simu walioitegemea kabla yake, na kuwaruka hao si haki.

Kwa hiyo ukiletewa TL-29, fungua bisibisi polepole mpaka usikie mlio wa bamba linapokaa. Liangalie kwenye mwanga: limeingia vizuri nyuma ya shina, au limegusa ukingoni tu? Shaba ni laini kuliko chuma, na miaka ya kazi huila. Weka vidole mbali na njia ya kufungia, kisha kandamiza ncha taratibu kwenye mbao. Ikijikunja, ulichonacho ni kumbukumbu, usikifanyie kazi. Kagua pia ncha ya bisibisi kama imepinda, na ubapa kama umenolewa hadi ukawa mwembamba. Weusi wa chuma usikutishe, kwani hiki si chuma cha pua na rangi hiyo ni umri wake. Cha kuogopa ni kutu iliyochimba vishimo kwenye ribiti. Na tafadhali usikipeleke kwenye jiwe la kung'arishia! Jina lililogongwa likifutika, hakuna fundi atakayelirudisha.

Viwanda vilivyokitengeneza vingi vimefungwa. Imperial Schrade ya Ellenville ilifunga milango mwaka 2004, na Camillus mwaka 2007. Jina la Camillus likanunuliwa na kampuni nyingine, ambayo ndiyo inayolitumia sasa. Basi jina lisikutawale: kati ya TL-29 chenye mpini wa mbao unaopendeza lakini bamba limelegea, na kingine cha plastiki nyeusi iliyokwaruzika ambacho bamba lake bado linaruka na kushika, chukua cha pili.