Umeme Unaoingia Hospitalini: Sura Iliyosahauliwa ya Historia Yetu

Historia ya umeme wa Burundi kwa kawaida huandikwa kwa kuhesabu mabwawa: Mugere mwaka 1982, Rwegura mwaka 1986 lenye megawati 18, kisha Ruzizi ya Pili mwaka 1989, tuliyochangia na Rwanda na Zaire. Umeme huo ukishafika hospitalini, unatumikaje? Swali hili haliulizwi sana, nami naliona zito kuliko megawati zenyewe.

Chukua mwaka 1996. Baada ya mapinduzi ya Julai, nchi za jirani zilituwekea vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi Januari 1999, na mafuta yakawa adimu. Katika hali kama hiyo, jenereta bila mazutu ni chuma tu. Chanjo nyingi zinahitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na daktari hawezi kumshona mama gizani. Jengo linalowasha taa mchana kwa sababu madirisha ni madogo linakula mazutu ya chumba cha upasuaji.

Wazee wa fani walilijua hili kabla ya umeme. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu hospitali, alitaka wodi ndefu na nyembamba, zenye madirisha yanayotazamana ili hewa ipite. Viyoyozi vilipoenea, wasanifu wengi waliacha somo hilo.

Rwanda ililirudia. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwaka 2011, ina korido za nje, madirisha ya juu na mapangaboi makubwa yanayozunguka polepole. Hewa yenye vijidudu vya kifua kikuu hutolewa nje bila kiyoyozi.

Hata hivyo, wanaosema tuinakili Butaro kama ilivyo wanasahau kwamba iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi. Ufukwe wa Bujumbura hauzidi mita 800. Hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyochorwa na Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2021 kando ya ziwa Victoria, ina kuta nene za udongo ulioshindiliwa, uliochimbwa palepale, ambazo huchelewesha joto kuingia. Paa lake limebeba paneli za jua. Kwa joto la Mutanga Sud saa nane mchana mwezi wa Septemba, mimi ningeanzia Entebbe.